Mtakatifu Teresa wa Avila na Taabu ya Kichwa

Mwenye homa hushikwa mkono, na moto wa mwili wake humshuhudia. Mwenye kidonda hukionyesha. Lakini mwenye kuumwa kichwa mara kwa mara hana cha kuonyesha. Jirani zake humtazama, humwona mzima, na baada ya siku kadhaa huanza kunong'ona kwamba ni mvivu. Hata yeye mwenyewe huja kujiuliza kama hawasemi kweli. Wakristu wengi wenye taabu hiyo wamezoea kumwendea Mtakatifu Teresa wa Avila ili awaombee, wala hawakumchagua bure. Aliijua taabu hiyo kwa upande wa mgonjwa, akaijua pia kwa upande wa mkubwa wa nyumba anayepaswa kuamua nani apumzike na nani aende kazini.

Teresa alizaliwa tarehe 28 Machi 1515 huko Avila, mji wa Hispania uliozungukwa na kuta za mawe. Mwaka 1535 aliingia monasteri ya Wakarmeli iitwayo Encarnación, katika mji uo huo. Haukupita muda mrefu afya yake ikavunjika: akazimia mara kwa mara, na moyo ukamuuma. Baba yake, Bwana Alonso, aliyempenda mno, akampeleka kijiji cha Becedas kwa mganga mmoja mwanamke aliyesifiwa sana. Mwanamke huyo akampa dawa ya kuharisha kila siku kwa muda wa mwezi mzima. Teresa aliondoka kwake akiwa mgonjwa kuliko alivyofika. Tarehe 15 Agosti 1539, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, akapoteza fahamu, akalala karibu siku 4 kama maiti. Kaburi likachimbwa monasterini. Alipofumbua macho alikuta kope zake zina nta ya mishumaa, maana walikwisha kumhesabu miongoni mwa wafu. Baada ya hapo alipooza karibu miaka 3. Mwanzoni hakuweza kusogeza ila kidole kimoja cha mkono wa kuume, na watu walimgeuza kwa shuka. Siku alipoanza kutambaa kwa mikono na magoti alimshukuru Mungu kama mtu aliyepewa mali nyingi. Uponyaji wake aliuhesabu kuwa kazi ya Mtakatifu Yosefu.

Hapa tusimame kidogo. Baba yule hakuwa mjinga wala hakuwa mbaya. Alikuwa mzazi aliyechoka kumwona mwanawe akiteseka, akakimbilia dawa kali. Nasi tunawaona wengi wakifanya hivyo leo. Kichwa kikigonga, wanameza vidonge. Kesho wanameza tena. Mwisho hakuna siku inayopita bila vidonge. Tena madaktari wanatufundisha kwamba dawa za kutuliza kichwa, zikimezwa karibu kila siku, zenyewe huzaa maumivu mapya.

Teresa alipona, lakini hakupona kabisa. Kwa miaka 20 alitapika kila asubuhi, hata hakuweza kula kitu kabla ya adhuhuri. Na mtawa wa namna hiyo ndiye aliyeanzisha tarehe 24 Agosti 1562 monasteri ndogo ya Mtakatifu Yosefu katika Avila, akatoka humo kwenda Medina del Campo, Malagón, Valladolid, Toledo, Salamanca, Sevilla na miji mingine, akisafiri kwa magari ya kukokotwa na nyumbu, juani na katika matope. Hadi kufa kwake monasteri za masista zilikuwa 17.

Katika nyumba hizo alikuwa mama wa wanawake wengi, naye aliwajua vema. Katika kitabu chake kiitwacho Njia ya Ukamilifu anawatania wale ambao leo hawaji katika sala za pamoja kwa kuwa kichwa kinauma, kesho hawaji kwa kuwa kiliuma jana, na siku 3 zinazofuata hawaji ili kisije kikauma tena. Masista waliosoma maneno hayo bila shaka walicheka, na pengine mmoja au wawili waliinamisha nyuso. Lakini asidhani mtu kwamba Teresa alikuwa na moyo mgumu. Katika kanuni aliyowaandikia aliagiza kwamba wagonjwa watunzwe kwa upendo wote, na kwamba ni afadhali wazima wakose mahitaji kuliko wagonjwa wakose faraja. Na alipopata habari za masista waliofunga na kukesha hata akili zikapumbaa, nao wakadhani kwamba wamejaliwa neema kubwa za sala, aliwaamuru wakubwa wao wawapunguzie saa za sala, wawakataze kufunga, wawalishe, wawalaze usingizi. Aliwatambua wagonjwa mahali ambapo wenzake waliona watakatifu.

Basi ukafika mwaka 1577, nao ulikuwa mwaka mgumu. Teresa alikuwa na miaka 62. Wakubwa wa shirika walikuwa wamemwamuru akae katika monasteri moja asisafiri tena, naye akakaa Toledo. Barua zilimjia kutoka kila upande, akazijibu mwenyewe hata usiku wa manane. Mwezi wa Februari kichwa chake kikashindwa. Daktari akamkataza kuandika kupita saa 6 ya usiku, akamtaka atumie pia mkono wa mwingine. Katika siku hizohizo alimwandikia kaka yake Lorenzo, ambaye katika bidii yake mpya ya sala alikuwa akijinyima usingizi, akimwagiza asilale chini ya saa 6. Sijui mwalimu mwingine wa sala aliyehesabu saa za usingizi wa mwanafunzi wake kwa uangalifu namna hiyo.

Ndipo Padri Jerónimo Gracián alipomwomba aandike kitabu kipya juu ya sala. Teresa alikuwa amekwisha kuteswa miezi 3 na kelele na udhaifu wa kichwa, hata barua za lazima zilimtaabisha. Hata hivyo, tarehe 2 Juni, sikukuu ya Utatu Mtakatifu, alianza kukiandika kitabu tunachokiita Ngome ya Ndani. Alipofika sehemu ya nne alisimama akaieleza hali yake waziwazi: alisikia kichwani kama mito mingi inayoporomoka, na tena kama ndege wengi na miluzi, si masikioni bali juu kichwani. Lakini akagundua jambo lililomshangaza. Kelele zile hazikuifikia sala yake; ndani zaidi palikuwa na mahali pa utulivu, nazo zilibaki nje kama watu wanaopiga makelele barabarani huku mwenye nyumba ameketi chumbani. Zamani alijilaumu kwa mawazo yake yaliyotangatanga wakati wa sala. Sasa alifahamu kwamba fikira zinazorukaruka si roho yenyewe. Fundisho hilo, ambalo limewafariji wengi, lilitokana na kichwa kibovu.

Hakuficha hasara. Kazi ilikatika kwa muda mrefu, na alipoirudia, karibu miezi 5 tangu mwanzo, alikiri kwamba kichwa hakimruhusu kusoma tena yaliyotangulia, na kwamba huenda anarudia mambo. Akaendelea vivyo hivyo. Alikimaliza Avila tarehe 29 Novemba. Maandiko ya mkono wake yamehifadhiwa na masista wa Sevilla.

Usiku wa kuamkia Noeli mwaka huohuo alianguka ngazini, mkono wa kushoto ukavunjika, ukaungwa vibaya. Tangu hapo hakuweza kujivika mwenyewe. Aliyemsaidia alikuwa Sista Ana wa Mtakatifu Bartolomayo, binti wa mashambani. Hata barua, ambazo Teresa alikuwa amezishikilia kwa mkono wake hadi kuumia, nyingi zikapita sasa katika mkono wa Ana. Huyu hakuwa amefundishwa kuandika. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alijifunza kwa kuiga herufi za mama yake.

Mwaka 1582 Teresa alirudi kutoka Burgos, mahali pa monasteri yake ya mwisho, akiwa amechoka kabisa. Alitamani kufika Avila, lakini aliamriwa kupitia Alba de Tormes, akatii. Huko akafa mikononi mwa Ana usiku wa tarehe 4 Oktoba. Usiku huohuo Hispania iliacha kalenda ya zamani na kufuata ile ya Papa Gregori wa 13, na siku iliyofuata ikawa tarehe 15.