Kurt Debus, mukubwa wa roketi za Shaba

Kurt Debus alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1908. Aliingia mu SS ya Hitler, akarusha roketi za V-2. Zile roketi zilitengenezwa na wafungwa ndani ya handaki, maelfu wakafa. Wanaomusifu hawapendi kuanzia pale. Kisha vita, Wamarekani wakamuchukua. Mu 1969 yeye ndiye aliongoza kituo cha Florida kilichorusha Apollo 11 mpaka mwezini.

Mu 1975 akawa mukubwa wa baraza la OTRAG, kompani ya Mujerumani Lutz Kayser. Ilitaka roketi za bei ya chini, mabomba ya chuma yaliyofungwa pamoja, za kupeleka juu vyombo vya wateja. Mwaka uliofuata Mobutu akaipa kontra: kilometa za mraba 100,000 za Shaba, mpaka mwaka 2000. Ni Ubelgiji mara tatu! Na kompani iliweza kudai raia waondolewe mule.

Roketi ya kwanza ilipanda Kapani Tonneo, karibu na muto Luvua, tarehe 17 Mei 1977, kama kilometa 20 tu. Huku kwetu Sandoa watu walikuwa wanahesabu vita iliyotoka Angola. Ya pili ilipanda tarehe 20 Mei 1978. Jana yake paras ya Ufaransa walirukia Kolwezi. Ya tatu, Juni, iliharibika mbele ya Mobutu mwenyewe. Moscow ikalalamika kwamba ni silaha. Mu 1979 Mobutu akavunja kontra.

Debus akafa Florida mu 1983. Kule mwezini kuna shimo linaloitwa Debus.