Robert Serumaga: Aliacha Uchumi na Redio, Akachagua Jukwaa

Kijana wa kwetu akipata shahada ya uchumi Ulaya, kisha akapata kazi London, ukoo mzima hupumua. Wadogo zake watasomeshwa na mama atajengewa nyumba ya bati. Akirudi akasema kwamba sasa anataka kuwa mwigizaji, tutadhani amelogwa. Robert Serumaga wa Uganda alikuwa kijana wa namna hiyo, na tunaona inafaa tumkumbuke.

Alizaliwa Buganda mwaka 1939. Alikwenda Ireland akasoma uchumi katika Trinity College, Dublin, hadi akapata shahada ya uzamili. Baadaye alifanya kazi ya redio London, akiwahoji waandishi wa Afrika. Mwaka 1967 alimhoji Chinua Achebe, ambaye wakati huo jina lake lilikwisha kuvuma. Njia ya Serumaga ilikuwa imenyooka: elimu alikuwa nayo, sauti alikuwa nayo, na wakubwa wa fasihi walimfahamu.

Uganda aliyoiacha nyuma haikuwa shwari. Mwaka 1966 jeshi la Milton Obote lilivamia ikulu ya Kabaka, na Kabaka akakimbilia Uingereza. Mwaka uliofuata falme zote zilifutwa. Mwenye kazi nzuri ng'ambo angekuwa na sababu ya kutosha ya kubaki huko. Serumaga alirudi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianzisha Kampala kundi la maigizo lililoitwa Theatre Limited, akawa mwandishi, mwongozaji na mwigizaji. Mwaka 1969 alitoa riwaya iitwayo Return to the Shadows. Mhusika wake mkuu ni msomi mwenye mali ambaye kila serikali inapopinduliwa hukimbia nchi. Tukiisoma leo, tunahisi mwandishi alikuwa akijiuliza yeye mwenyewe swali gumu: msomi ana kazi gani ikiwa nyumba inapowaka yeye ndiye wa kwanza kutoka?

Januari 1971 Idi Amin alichukua madaraka. Mwaka huohuo Serumaga alionyesha tamthilia ya Majangwa. Majangwa ni mpiga ngoma aliyependwa sana zamani. Watu walipoanza kumchoka, yeye na mkewe wakaanza kuuza hata heshima ya miili yao ili umati usiondoke. Tunawakuta usiku kando ya barabara, wamechakaa, katika nchi ambayo maiti hutupwa njiani. Katika darasa la falsafa tunajifunza kwamba mtu ni lengo, hapaswi kugeuzwa chombo. Serumaga alionyesha jambo hilo kwa ngoma, na pia alionyesha kwamba mtu anaweza kujigeuza chombo mwenyewe, kwa njaa ya kupigiwa makofi.

Baadaye alianzisha kundi jingine, Abafumi, maana yake wasimulia hadithi. Hapo ndipo kazi yake ilipobadilika sana. Chini ya Amin, neno moja lililosemwa hadharani lingeweza kumpoteza mtu. Serumaga aliyekuwa ameishi kwa maneno, kwanza redioni na kisha kwenye kurasa, akaanza kuyapunguza. Aliwafundisha vijana wake kusema kwa mwili, kwa ngoma, kwa wimbo na kwa kilio. Katika Amayirikiti, ya mwaka 1974, maneno karibu yatoweke kabisa. Jasusi aliyeketi ukumbini hakuwa na sentensi ya kuiandika katika ripoti yake, lakini mjane aliyeketi safu ya nyuma alielewa.

Tamthilia yake iliyojulikana zaidi ni Renga Moi. Shujaa wa kijiji amepata mapacha, na mila inamkataza kumwaga damu mpaka matambiko yakamilike. Adui wanavamia. Akikaa nyumbani kijiji kitaangamia, na akienda vitani atavunja mwiko. Anakwenda, anashinda, na ushindi huo unagharimu uhai wa watoto wake. Mwaka 1975 Abafumi waliionyesha London katika ukumbi wa Aldwych. Serumaga alirudi katika jiji alilolihama, safari hii akiwa na vijana wa Uganda na ngoma zao.

Mwaka 1977 ulikuwa mbaya. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana aliuawa, na mwandishi mwenzake Serumaga, Byron Kawadwa, naye akauawa. Serumaga aliingia katika harakati za raia wa Uganda waliokuwa uhamishoni, za kumwondoa Amin. Amin alipoanguka mwaka 1979, Yusuf Lule alimteua kuwa waziri wa biashara. Serikali hiyo ilidumu siku 68 tu. Serumaga akaikimbia nchi tena, na mwaka 1980 akafariki dunia Nairobi, akiwa na umri wa miaka kama 41.

Je, alikosea kuliacha jukwaa akaingia siasa? Wako watakaosema kwamba angebaki msanii angetufaa zaidi. Sisi hatuthubutu kumhukumu. Aliyetunga Renga Moi alijua kwamba kuna nyakati ambapo kila njia ina msiba wake.

Lakini kuna jambo moja tunalolichukua kwake. Wengi wetu hapa seminarini tumeacha kitu: kazi, mchumba, nafasi ya chuo. Watu wa parokiani hutusifu kwa tulivyoviacha, nasi tukizoea sifa hizo tunaanza kuhesabu gharama kama mtu anayedai kulipwa. Huo ndio ugonjwa wa Majangwa. Kuacha peke yake si sifa, kwa maana hata mwizi huacha nyumba yake usiku. Tunachopaswa kuulizwa ni tumewaendea nani, na kama tutabaki nao mambo yatakapokuwa magumu. Serumaga aliiacha London kwa ajili ya watu wake, na waliponyimwa maneno, alitafuta namna nyingine ya kusema nao. Ndugu zetu, mkituona tumesimama mbele yenu, tuulizeni swali hilo.