Emile Berliner, Mtu Aliyetengeneza Santuri

1. Kijana wa Hanover

Santuri ni sahani nyeusi, nyembamba, yenye mfereji mdogo unaozunguka toka ukingoni mpaka karibu na katikati. Ndani ya mfereji huo kuna sauti ya mwimbaji, ngoma na udi. Zamani mtu mwenye gramafoni hakukosa wageni jioni.

Aliyetengeneza santuri za kwanza za namna hii aliitwa Emile Berliner. Hakuwa mtoto wa tajiri. Hakusoma chuo kikuu. Elimu yake kubwa aliipata ukubwani, usiku, baada ya kazi.

Berliner alizaliwa tarehe 20 Mei 1851 katika mji wa Hanover, Ujerumani. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na mtu mwenye elimu ya dini ya Kiyahudi. Mama yake alipenda sana muziki. Nyumba ilikuwa na watoto wengi, na fedha hazikutosha. Emile aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14. Alifanya kazi katika kiwanda cha kupiga chapa, kisha katika duka la nguo.

2. Masomo ya usiku

Mwaka 1870 ilizuka vita kati ya Wajerumani na Wafaransa. Vijana waliitwa jeshini. Mwaka huo Berliner alihamia Marekani. Rafiki wa familia yao alimpa kazi ya karani katika duka lake mjini Washington.

Baada ya miaka michache alikwenda New York. Huko alifanya vibarua mbalimbali. Kimoja kilikuwa kuosha chupa katika maabara ya mtaalamu wa kemia. Wengine wangeona hiyo ni kazi duni. Yeye alitumia nafasi hiyo kutazama na kuuliza.

Katika mji huo palikuwa na Taasisi ya Cooper. Aliyeianzisha, Peter Cooper, alisoma shule kwa muda mfupi sana utotoni. Alipopata mali alijenga taasisi ili watu wazima wafanyao kazi mchana wapate kusoma usiku bila malipo. Berliner akajiunga. Mchana aliosha chupa, usiku alisoma. Alijifunza habari za sauti na habari za umeme. Mambo hayo mawili yakawa kazi ya maisha yake.

3. Sauti ndogo, nguvu ya betri

Mwaka 1876 Alexander Graham Bell alionyesha simu. Watu walistaajabu, lakini simu hiyo ilikuwa na kasoro. Sauti ya msemaji yenyewe ndiyo iliyotakiwa kuzalisha umeme wa kupita kwenye waya. Sauti ya mtu ina nguvu kidogo sana. Kwa hiyo mtu wa upande wa pili alisikia kwa shida.

Berliner alikuwa amerudi Washington, akiishi katika chumba cha kupanga. Alichukua kigoma cha watoto, sindano na kifungo cha chuma, akaanza kujaribu. Aligundua jambo kubwa. Vyuma viwili vinavyogusana vikibanwa na sauti, umeme hupita kwa wingi. Vikilegea, umeme hupungua. Umeme wenyewe hutoka kwenye betri. Kazi ya sauti ni kuuongoza tu.

Mfano wake ni koki ya bomba. Mkono wa mtoto hauwezi kuinua pipa la maji. Lakini mkono huohuo unaweza kufungua koki, na maji mengi yakatoka. Ndivyo kitu chenye nguvu ndogo kinavyoweza kuongoza kitu chenye nguvu kubwa.

Alitengeneza chombo hicho mwaka 1877. Kampuni ya Bell ilinunua haki ya kukitumia, ikampa na kazi. Karani wa duka akawa mtaalamu.

4. Kutoka kopo hadi sahani

Mwaka huohuo wa 1877, Thomas Edison alitengeneza mashine ya kwanza ya kunasa sauti na kuirudisha. Sauti iliandikwa juu ya kitu cha duara mfano wa kopo. Sindano ilipanda na kushuka. Ubaya wake ni kwamba ilikuwa vigumu kutoa nakala nyingi. Mwimbaji aliweza kulazimika kuimba wimbo uleule mara nyingi ili apate nakala za kuuza.

Berliner alifikiri kwa njia nyingine. Badala ya kopo alitumia sahani bapa. Badala ya kupanda na kushuka, sindano yake ilikwenda kushoto na kulia. Alipaka nta nyembamba juu ya sahani ya zinki. Sindano ilichora alama kwenye nta. Kisha sahani ilitiwa katika asidi. Penye alama, asidi ilikula zinki, ukabaki mfereji. Kutokana na sahani hiyo alitengeneza kalibu, na kwa kalibu moja aliweza kugonga nakala nyingi, kama afanyavyo mfyatua matofali.

Alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1887. Tarehe 16 Mei 1888 aliuonyesha mbele ya wataalamu mjini Philadelphia. Mashine yake aliiita gramafoni.

Gramafoni za kwanza zilizungushwa kwa mkono. Mkono ukichoka, wimbo ulizubaa. Mkono ukiharakisha, mwimbaji alilia kama kifaranga. Mwaka 1896 fundi mmoja, Eldridge Johnson wa mji wa Camden, alitengeneza mashine ya springi iliyozungusha sahani kwa mwendo mmoja.

5. Afukuzwa katika biashara yake

Biashara ilikua, na ugomvi ukaja. Berliner aligombana na wakala aliyekuwa na mkataba wa kuuza gramafoni zake. Mwaka 1900 mahakama ilimzuia Berliner kuuza gramafoni nchini Marekani. Aliyeivumbua hakuruhusiwa kuiuza!

Hakukata tamaa. Alihamishia biashara yake Montreal, nchini Kanada. Fundi Johnson aliendelea Marekani, na mwaka 1901 akaanzisha kampuni ya Victor. Kampuni zilizokwisha kuanzishwa London na Hanover ziliendelea pia. Ile ya London ilijulikana kwa picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay, India, akaimba mbele ya mafundi wa kampuni hiyo. Sauti yake ikauzwa katika santuri pwani yote ya Afrika Mashariki.

6. Kukuza sauti ya santuri

Gramafoni ya zamani haikutumia umeme. Sindano ilitikisa kiwambo chembamba, na pembe kubwa ikaitoa sauti nje. Toka mwaka 1925 makampuni yalianza kurekodi kwa umeme. Baadaye mashine za kupigia santuri nazo zikawa za umeme.

Katika mashine hizo, sindano ikitikisika huzalisha umeme kidogo mno. Kwa kawaida hauzidi sana elfu tano za volti moja, yaani sehemu 5 kati ya 1000. Betri moja ya tochi ina volti 1.5, mara 300 ya hizo. Umeme mdogo hivyo hauwezi kuendesha spika. Ndipo hutumika amplifaya, chombo cha kukuza sauti. Nguvu hutoka kwenye betri au waya wa umeme, na sauti ndogo huiongoza. Ni jambo lilelile la koki.

Santuri inahitaji kwanza amplifaya ndogo ya pekee, kisha ile kubwa ya kuendesha spika. Amplifaya ndogo ina kazi mbili. Kwanza hukuza. Pili husawazisha. Wakati wa kuchonga santuri, sauti nzito hupunguzwa ili mfereji usiwe mpana mno. Sauti nyembamba huongezwa ili zishinde mkwaruzo wa sindano. Amplifaya ndogo huvirudisha vyote mahali pake. Mwaka 1954 makampuni ya Marekani yalikubaliana kipimo kimoja cha kazi hiyo.

Hata leo wako wapenzi wa santuri katika nchi nyingi. Wengine hununua amplifaya kwa bei ya kununulia gari. Hujali sana ile ndogo, kwa sababu ikitia kasoro, kasoro hiyo hukuzwa pamoja na wimbo. Maji yakichafuka kwenye chemchemi, hayawezi kuwa safi huko chini.

7. Maziwa ya mtoto

Berliner alifikiwa na jambo zito kuliko kesi za mahakamani. Binti yake mchanga aliugua tumbo, akadhoofika sana. Mtoto alipona, lakini baba hakusahau. Alijifunza kwamba maziwa machafu yalikuwa yakileta magonjwa na kuua watoto wengi. Maziwa ya ng'ombe mgonjwa yaliweza kuleta hata kifua kikuu.

Basi alitumia fedha zake kuwafundisha watu. Alitangaza katika magazeti kwamba maziwa yachemshwe kabla ya kupewa mtoto. Alitunga mashairi mepesi ya kuwafundisha watoto usafi. Mwaka 1907 ulifanyika mkutano mkubwa mjini Washington juu ya usafi wa maziwa, naye alishiriki kuuandaa. Kama alivyokuza sauti za waimbaji, alikuza pia sauti za wauguzi na madaktari.

8. Mwisho wake

Emile Berliner alifariki mjini Washington tarehe 3 Agosti 1929. Alikuwa na umri wa miaka 78. Kabla ya kufa aliacha wasia kwamba asifanyiwe mazishi ya gharama. Aliomba binti zake wampigie kinanda, azikwe karibu na machweo, na fedha kiasi wapewe akina mama maskini wenye watoto wachanga.

Mwosha chupa aliyesoma usiku alizifikisha sauti za watu mbali kuliko walikoweza kufika wao wenyewe.

Maswali ya majadiliano

1. Berliner alipata wapi elimu yake ya sauti na umeme? Alisoma wakati gani?
2. Santuri ya sahani ilikuwa na faida gani kuliko mashine ya Edison?
3. Eleza kwa mfano wa koki jinsi amplifaya inavyofanya kazi.
4. Nyumbani kwako maziwa ya mtoto hutayarishwaje? Kuna jambo la kurekebisha?
5. Mazishi ya gharama yana hasara gani kwa wafiwa? Jadilianeni.