Dag Hammarskjöld, Mtu wa Katikati

Mwezi huu twamtazama mtu ambaye jina lake lilisikika sana redioni siku za matata ya Kongo.

Alizaliwa mwaka 1905 katika mji wa Jönköping, nchi ya Sweden, akalelewa Uppsala katika Kanisa la Kilutheri. Hakuoa. Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Yasemekana wakubwa walimkubali wakidhani ni karani mpole tu.

Zamani zile Amerika na Urusi zilitazamana kwa silaha za nyuklia, na kila nchi ndogo ilivutwa huku na huku. Mwaka 1955 alikwenda mwenyewe Peking kuwaombea wanahewa 11 wa Kiamerika waliofungwa huko. Mwezi wa Agosti wakafunguliwa.

Lakini Kongo ndiyo iliyomwelemea. Ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye jeshi likaasi, Wabelgiji wakaleta askari, na Katanga yenye shaba ikajitenga. Lumumba akaomba msaada. Askari wa Umoja wa Mataifa walifika, ila hawakuruhusiwa kuirudisha Katanga kwa nguvu, naye akawageukia Warusi. Khrushchev akadai Hammarskjöld ajiuzulu, na mahali pake wawekwe watu watatu. Alikataa mbele ya Baraza Kuu zima, akisema kwamba nchi ndogo ndizo zinazouhitaji Umoja ule. Lumumba alipouawa Januari 1961, Waafrika wengi walimlaumu, nasi hatuthubutu kusema lawama ile haikuwa na msingi. Kisha mwezi wa Septemba askari wake walipopigana Katanga, Waingereza na Wabelgiji nao wakamkasirikia.

Alipanda ndege kwenda Ndola, Zambia ya leo, kupatana na Tshombe. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961 ndege ilianguka msituni. Watu wote 16 walikufa, mmoja wao hospitalini siku chache baadaye. Jaji Mohamed Chande Othman wa Tanzania, aliyepewa na Umoja wa Mataifa kazi ya kuchunguza, aliandika mwaka 2017 kwamba yawezekana ndege ilishambuliwa, na kwamba serikali fulani hazijafungua majalada yake.

Nyumbani kwake New York palikutwa daftari la sala na kujihoji mbele za Mungu, likachapishwa mwaka 1963. Humo hakueleza habari za kazi yake na wakuu wa dunia. Wengi waliofanya kazi naye walishangaa.