Mwenda Jean Bosco: Mwana wa Bunkeya na gitaa kavu lililoshinda kelele za umeme

Mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, kijana wa miaka 22 alipiga gitaa kavu mbele ya maikrofoni ya Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki. Hapakuwa na waya kwenye gitaa, wala spika, wala jukwaa. Wimbo mmoja wa kipindi hicho, Masanga, ndio uliomtoa kijana huyo katika mitaa ya mji wa madini na kulifikisha jina lake mbali kuliko yeye mwenyewe alivyokuwa amewahi kusafiri.

Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco. Zaidi ya miaka 70 baadaye, wapiga gitaa na mandolini wa Kolwezi, Lubumbashi, Dar es Salaam na Nairobi bado wanahangaika na swali ambalo maisha yake yalilizunguka: chombo cha mbao chenye sauti ndogo kitasikikaje mbele ya umati bila kupoteza sauti yake?

Kutoka Bunkeya hadi mji wa shaba

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, makao ya zamani ya Msiri, mtawala wa Bayeke aliyeuawa na wanajeshi wa msafara wa Wazungu mwaka 1891. Leo Bunkeya iko katika jimbo la Lualaba. Jina Mwenda ni jina la ukoo wa watawala hao, ambao asili yao ni Unyamwezi na Usumbwa katika Tanzania ya sasa.

Alikulia katika nchi iliyokuwa ikibadilishwa na kampuni ya Union Minière. Iliundwa mwaka 1906, na kufikia ujana wake ilikuwa imejenga kambi za wafanyakazi Elisabethville, Jadotville na Kolwezi. Watu walitoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland na Ruanda-Urundi, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi. Gitaa nalo likawa chombo cha kambi: mtu mmoja alitosha kuwa bendi, na chumba kidogo au kibaraza kilitosha kuwa ukumbi.

Katika mazingira hayo Mwenda alijenga upigaji wake. Alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada. Gumba lilishika besi, kidole cha pili kikapita juu na sauti nyembamba, na asiyemwona angeapa kuwa wanapiga watu wawili. Upigaji huo unategemea vitu vidogo: kamba iliyozimwa nusu, sauti inayoachwa ivume kidogo ndani ya sanduku, kidole kinachogusa kamba kwa wepesi au kwa nguvu.

Maikrofoni ya Tracey iliweza kuvinasa vitu hivyo kwa sababu ilikaa karibu na gitaa. Masanga ilishinda tuzo ya Osborn ya African Music Society mwaka huohuo wa 1952, na santuri zake zikatolewa na lebo ya Gallotone ya Afrika Kusini. Tanzania wazee wa muziki bado huliita gitaa kavu galatoni, neno lililotokana na jina hilohilo.

Nairobi yamwita

Santuri zilifika Afrika Mashariki kabla yake. Binamu yake, Edouard Masengo, naye mpiga gitaa, alikwenda kufanya kazi Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda mwenyewe alikaa mjini humo kwa muda na kupiga katika kipindi cha redio kilichodhaminiwa na dawa ya Aspro. Vijana wengi wa Kenya waliomsikia waliacha kukwaruza kamba zote kwa pamoja, wakaanza kuzichukua moja moja kwa vidole. Mtindo wa vidole viwili ukaenea hadi magharibi mwa nchi hiyo.

Redio ilimfaa kwa sababu ileile iliyoifaa santuri. Msikilizaji alikuwa nyumbani na maikrofoni ilikuwa karibu na gitaa. Umbali haukuwa tatizo.

Umeme waingia ukumbini

Lakini muziki ulikuwa ukihamia kwenye mabaa na kumbi za dansi. Marekani ilikuwa imeanza kuuza magitaa ya umeme tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1953 mpiga gitaa wa Kibelgiji, Bill Alexandre, alifika Léopoldville na gitaa la umeme kwa ajili ya studio ya CEFA, na vijana wa mji huo wakalishika haraka. Rumba ya Kinshasa ikapanda kwa magitaa matatu, saksafoni na tumba.

Katika ukumbi wa namna hiyo gitaa kavu humezwa. Dawa inayojulikana ni pikapu, na hapa si gari. Pikapu ya sumaku ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Kamba ya chuma ikitikisika juu yake huzalisha umeme kidogo ambao amplifaya huukuza. Aina nyingine, ya piezo, hubandikwa chini ya daraja la kamba au ndani ya sanduku, na hugeuza mtikisiko wa mbao kuwa umeme.

Kila moja ina gharama yake. Ya sumaku husikia kamba, lakini mbao huisikia kidogo sana, kwa hiyo gitaa kavu huanza kufanana na la umeme. Ya piezo husikia mbao, lakini sauti yake hutoka kali na kavu kama plastiki isipopitia kikuza sauti kidogo cha awali. Kisha kuna mluzi. Spika ikilitikisa sanduku, pikapu huichukua sauti hiyo na kuirudisha kwenye spika, hadi ukumbi mzima uzibe masikio. Mafundi huziba tundu la gitaa kwa mpira, huweka spika mbele ya mpigaji badala ya nyuma yake, na hupunguza ile sauti moja inayovuma.

Kwa mandolini hali ni ngumu zaidi. Ina kamba 8 zilizopangwa jozi nne, sanduku dogo na sauti za juu, na nafasi ya kuweka sumaku ni finyu. Wengi huishia kwenye piezo ya darajani, na wenye uwezo huongeza maikrofoni ndogo ili mbao nayo isikike.

Bila kuukataa umeme

Mwenda hakuwa adui wa nyakati. Baada ya uhuru wa mwaka 1960, vita vya Katanga na kutaifishwa kwa Union Minière mwaka 1967, aliishi Lubumbashi kama mtu wa kazi na biashara, na aliendesha bendi iliyoitwa Super Shaba. Alijua kuwa ukumbi unadai spika.

Hata hivyo, walipomwita nje walikuwa wakilitaka gitaa kavu. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport nchini Marekani, palepale ambapo miaka minne kabla Bob Dylan alizua mtafaruku kwa kupanda jukwaani na gitaa la umeme. Mwaka 1982 alialikwa Ulaya, na mwaka 1988 akarekodi albamu Cape Town. Wapiga gitaa wa kigeni walisafiri hadi Lubumbashi kujifunza vidole vyake, wakati ambapo nyumbani vijana wengi walikuwa wakimhesabu kuwa wa zamani.

Hapo ndipo lilipokuwa jeraha la maisha yake. Umeme uliwapa wengine sauti ya kujaza ukumbi, na yeye ukamwacha na sifa kubwa ughaibuni kuliko katika mabaa ya mji wake.

Mwenda alifariki dunia katika ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990, akiwa na umri wa miaka 60.

Leo, kuanzia Bunkeya hadi migodi ya Musonoi na Mashamba, kijana mwenye gitaa kavu anaweza kununua pikapu na kuibandika mwenyewe. Itampa sauti kubwa siku hiyohiyo. Lakini pikapu hukuza kilichopo tu. Kabla ya kuchomeka waya, itambidi akae karibu na mbao, azime kamba nusu, aipe gumba kazi yake na kidole cha pili kazi yake, kama mwana wa Bunkeya alivyofanya mbele ya maikrofoni moja.