Mt. Mathias Mulumba, aliyeongoza kanisa dogo bila padre



Kuna vigango huku kwetu, kuanzia vilima vya Rungwe hadi vijiji vya ndani kule Kilolo, ambako Jumapili nyingi hakuna misa. Padre ni mmoja, parokia ni kubwa, na mvua ikinyesha barabara ndiyo hivyo tena. Katekista anafungua kanisa, watu arobaini au hamsini wanakaa kwenye mabenchi, ibada inaanza. Na katekista akiumwa je? Hapo mwenyekiti wa jumuiya anageuka nyuma kukutafuta wewe kijana uliyemaliza kidato cha nne, ili usome masomo na uongoze sala. Wengine wetu tumewahi kukimbilia nje siku hiyo, tusidanganyane.

Ndiyo maana leo nimemchagua Mt. Mathias Mulumba Kalemba. Kila tarehe 3 Juni tunawakumbuka Mashahidi wa Uganda, ila mara nyingi tunamtaja Kizito kwa udogo wake na Karoli Lwanga kwa uongozi wake kule ikulu. Mulumba hakuwa kijana wa ikulu. Alikuwa mtu mzima wa miaka kama hamsini, baba wa familia, ofisa wa serikali, na kazi yake kubwa aliifanya mbali na makao ya mfalme: alilea kanisa dogo mahali ambapo padre hayupo.

Alizaliwa Busoga, mashariki mwa Buganda. Akiwa bado mtoto alitekwa na wavamizi wa Kiganda na kupelekwa utumwani. Bahati yake, familia iliyompata ilimlea kama mtoto wao, akakua kama Mganda. Alipanda ngazi mpaka akapewa cheo chini ya Mukwenda, chifu mkuu wa jimbo la Ssingo. Jina Mulumba lenyewe linatokana na kile cheo. Yaani mtoto wa utumwa akawa bosi, mwenye wake kadhaa, watumwa wake mwenyewe na heshima ya kutosha.

Alikuwa mtu wa kutafuta ukweli. Aliingia kwanza Uislamu, kisha akawasogelea Waprotestanti na kufundishwa nao. Mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, wale walioitwa White Fathers, walikuwa wamefika Buganda mwaka 1879. Mwaka 1880 Mulumba akajiandikisha kwao kuwa mkatekumeni. Tarehe 28 Mei 1882 akabatizwa, pamoja na rafiki yake Luka Banabakintu.

Sasa hapa tusipite haraka. Kabla ya ubatizo alipanga upya nyumba yake. Alibaki na mke mmoja, Kikuvwa. Aliwaacha huru watumwa wake. Na huyu aliyekuwa na watu wa kumbebea kila kitu akaanza kulima kwa mikono yake na kubeba mizigo yake mwenyewe kichwani akiwa safarini. Kwa mtu wa cheo chake ilikuwa aibu, maofisa wenzake walimcheka. Yeye aliona kwamba sasa ni mtumwa wa Yesu, basi mtumwa kubeba mzigo kuna ajabu gani? Mimi naamini kanisa la Mityana lilianzia pale, kwenye ule mzigo kichwani, kabla hata ya mkutano wa kwanza wa sala. Watu walimwona. Nani angemsikiliza akifundisha upendo huku ana watu aliowamiliki nyuma ya nyumba?

Miezi sita tu baada ya ubatizo wake, Novemba 1882, mapadre wote waliondoka Buganda kwa sababu hali ya usalama haikueleweka. Walivuka ziwa wakaja upande wetu wa kusini, Bukumbi, kule Mwanza. Hawakurudi mpaka Julai 1885. Hebu fikiria: karibu miaka mitatu bila misa, bila kitubio, bila mtu wa kumuuliza swali. Mityana ilikuwa na wabatizwa wachache mno, na Mulumba mwenyewe alikuwa bado mchanga katika imani.

(Huku Nyanda za Juu nasi tumewahi kuonja kitu kama hicho. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia Wabenediktini Wajerumani waliondolewa Tosamaganga, na Wamisionari wa Konsolata walifika Iringa mwaka 1919. Ukikutana na mzee wa zamani pale Tosamaganga, mwulize alisikia nini kwa babu yake kuhusu kipindi kile.)

Mulumba alifanya nini? Alifungua nyumba yake. Watu walikusanyika kwake kusali na kujifunza. Lakini hakujifanya yeye ndiye kila kitu, na hapo ndipo ninapompendea zaidi. Luka Banabakintu alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, akisikia fundisho mara moja anaweza kulirudia lote, basi kufundisha kukawa kazi ya Luka. Nowa Mawaggali alikuwa mfinyanzi wa chifu, mtu wa kawaida kabisa, mwenye mikono ya udongo. Mulumba, mwenye cheo, alimfanya mwenzake katika uongozi. Dada yake Nowa, binti aliyeitwa Munaku, naye alikuwa anafundishwa pale pale.

Mapadre waliporudi, wakabaki tena karibu na ikulu. Kutoka Mityana mpaka huko ni kama kilomita 70, sawa na kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini, kwa miguu. Wote hawakuweza kwenda kila wiki, hivyo wakaenda kwa zamu. Kundi moja linakwenda kwenye misa na mafundisho, waliobaki wanakutana nyumbani kwa Mulumba kusali. Wale wakirudi wanawasimulia wenzao walichofundishwa. Ndiyo basi. Hapakuwa na bajeti wala jengo wala vyombo vya muziki. Ilipofika mwaka 1886 jumuiya ile ilikuwa na watu takriban 200.

Nakiri, mimi nikisikia viongozi wa vijana wanalalamika kwamba kigango chao hakikui kwa sababu hakuna kinanda, nawaza habari za zamu ya Mityana.

Mei 1886 Kabaka Mwanga akawakamata Wakristo. Mulumba na Luka walikamatwa na kupelekwa Munyonyo, wakahukumiwa kifo. Luka alipelekwa Namugongo, akachomwa moto tarehe 3 Juni pamoja na Karoli Lwanga na wenzao. Mulumba hakufika huko. Msafara ulipofika mlima wa Kampala ya Kale, tarehe 27 Mei, alisimama akawaambia wauaji wamuulie pale pale, akaagana na Luka kwamba watakutana mbinguni. Walimkata mikono na miguu, wakamchuna vipande vya nyama mgongoni, wakafunga mishipa ili damu isiishe haraka, wakamwacha peke yake juani. Watu waliokuja kukata nyasi wakamsikia akiomba maji. Walipomwona walikimbia. Alikufa tarehe 30 Mei. Siku tatu.

Na kanisa lake je? Hilo ndilo swali linalonisumbua kila nikisoma maisha yake, kwa sababu sote tunajua vikundi vinavyokufa wiki ile ile mwenyekiti anapohamia Dar. Mityana ilibaki mikononi mwa Nowa, yule mfinyanzi. Angeweza kukimbia, ila nyumbani kwa Mulumba kulikuwa na Kikuvwa na watoto, na kulikuwa na watu wanaomtegemea. Tarehe 31 Mei, siku moja tu baada ya kifo cha Mulumba, askari walivamia kijiji. Nowa akatoka nje kuwakabili. Walimchoma mkuki, wakamfunga kwenye mti, wakawaachia mbwa.

Munaku, wa miaka kama kumi na nane na bado hajabatizwa, aliwafuata wauaji mwenyewe. Aliwaambia kwamba dini ya kaka yake ndiyo yake, wamuue naye. Mkuu wao hakumwua, alimchukua mateka pamoja na Kikuvwa, akitaka awe mke wake. Alimtisha, akambembeleza, ikashindikana. Mwishowe Padre Lourdel alimkomboa kwa kutoa bunduki na risasi. Akabatizwa kwa jina Maria Matilda. Hakuolewa maisha yake yote, na yale aliyojifunza kwa kina Mulumba akaendelea kuyafundisha kwa wengine.

Mulumba, Luka na Nowa walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, katika idadi ya Mashahidi 22. Leo Mityana ni jimbo, Kiyinda-Mityana, lenye askofu wake tangu mwaka 1981.

Jumapili hii kama padre hafiki kigangoni kwenu, na mwenyekiti akageuka nyuma kukutafuta, masomo yapo kwenye kalenda ya liturujia. Yasome Jumamosi usiku.

Mt. Mathias Mulumba, utuombee.