Molière: Alimwanika mnafiki jukwaani, akazikwa usiku

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika tamthilia ya kuchekesha iitwayo Tartuffe, tajiri mmoja wa Paris, Orgon, hakumpa mgeni wake jembe. Alimpa chumba, chakula na ahadi ya kumwoza binti yake. Mwishowe akamwandikia hati ya mali yake yote.

Mgeni huyo alikuwa amemwona kanisani, akipiga magoti kwa unyenyekevu kuliko waumini wengine wote. Orgon alimkaribisha nyumbani akidhani amepata mtakatifu, kumbe amemfungulia mlango tapeli.

Aliyetunga kisa hicho ni Jean-Baptiste Poquelin, ambaye ulimwengu unamfahamu zaidi kwa jina la Molière. Tamthilia hiyo ilimpatia fedha na sifa, lakini pia ilimpatia maadui ambao hawakumsahau. Ilimchukua takriban miaka mitano kupata ruhusa ya kuionyesha hadharani. Alipofariki dunia miaka minne baadaye, ilibidi mjane wake ampigie magoti mfalme ili mwili wa mumewe upate kaburi.

Mtoto wa fundi

Molière alibatizwa Januari 15, mwaka 1622, katika Kanisa la Saint-Eustache jijini Paris. Baba yake, Jean Poquelin, alikuwa fundi na mfanyabiashara wa mapazia, makochi na matandiko. Mwaka 1631 mzee huyo alijipatia wadhifa wa kutunza samani za mfalme, nafasi ambayo mwanawe alitarajiwa kuirithi.

Mama yake, Marie Cressé, alifariki dunia mwaka 1632, kijana huyo akiwa na umri wa miaka 10. Baadaye alisoma katika chuo cha Wajesuiti cha Clermont, kisha akasomea sheria. Njia ya maisha ilikuwa imeshachongwa: ama duka la baba, ama mahakama.

Yeye akachagua jukwaa. Juni 30, mwaka 1643, akiwa na umri wa miaka 21, alitia saini mkataba wa kuanzisha kikundi kilichoitwa Illustre Théâtre. Miongoni mwa waanzilishi wenzake alikuwamo mwigizaji hodari wa kike, Madeleine Béjart, pamoja na ndugu zake. Mwaka uliofuata alianza kutumia jina la Molière.

Kikundi hicho hakikudumu. Watazamaji walikuwa wachache, kodi ya ukumbi ilikuwa kubwa, na wauza mishumaa walitaka malipo yao. Mwaka 1645 Molière alijikuta gerezani kwa sababu ya madeni. Alipotoka, yeye na akina Béjart walifungasha mizigo na kwenda mikoani, ambako walizunguka kwa takriban miaka 13.

Huko ndiko alikopata elimu ya kweli ya sanaa. Aliigiza mbele ya matajiri na mbele ya watu wa kawaida, akajifunza ni kitu gani kinamchekesha mkulima na ni kitu gani kinamchekesha hakimu.

Kwa muda kikundi kilikuwa chini ya ulinzi wa mwanamfalme wa Conti. Lakini mtu huyo aliyependa anasa aligeuka ghafla kuwa mcha Mungu mkali, akawaondolea wasanii ulinzi wake na baadaye akaandika kitabu cha kulaani michezo ya kuigiza. Molière alishuhudia kwa karibu jinsi dini inavyoweza kubadili sura ya nyumba nzima.

Mbele ya mfalme

Oktoba 24, mwaka 1658, kikundi hicho kiliigiza mbele ya Mfalme Louis wa 14 katika kasri ya Louvre. Walianza na tamthilia ya huzuni ya Pierre Corneille, ambayo haikuwasisimua sana waliohudhuria. Ndipo Molière alipoomba ruhusa ya kuongeza kichekesho kifupi alichokitunga mwenyewe. Mfalme, aliyekuwa na umri wa miaka 20 tu, alicheka.

Kicheko hicho kilimpatia Molière ukumbi, kwanza wa Petit-Bourbon na kisha wa Palais-Royal. Mwaka 1659 aliwakejeli wanawake waliojifanya wasomi wa lugha na mapenzi. Mwaka 1662 alimkejeli mwanamume anayemlea msichana katika ujinga ili aje kumwoa.

Mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 40, alimwoa Armande Béjart, aliyekuwa mdogo wake kwa takriban miaka 20. Nyaraka za ndoa zilimtaja Armande kuwa ndugu wa Madeleine, lakini mahasimu walieneza uvumi kwamba ni binti wa Madeleine. Wengine walikwenda mbali zaidi na kumtuhumu Molière kwamba amemwoa mtoto wake mwenyewe. Mfalme alijibu kwa vitendo: Februari 1664 alikubali kuwa baba wa ubatizo wa mtoto wa kwanza wa wanandoa hao.

Mgeni anayepigwa marufuku

Mei 12, mwaka 1664, katika sherehe kubwa zilizofanyika Versailles, Molière alionyesha kwa mara ya kwanza Tartuffe, wakati huo ikiwa na sehemu tatu tu. Mfalme aliifurahia. Hata hivyo, muda mfupi baadaye alizuia isionyeshwe hadharani.

Shinikizo lilikuwa limeanza kabla hata pazia halijafunguliwa. Jumuiya ya siri ya Sakramenti Takatifu, iliyowaunganisha watu wenye vyeo na makasisi, ilikwishakujadili mwezi Aprili jinsi ya kuizima tamthilia hiyo. Wanachama wake walitoa sadaka na kuhudumia maskini, lakini pia waliingia katika faragha za familia ili kusahihisha mienendo ya watu. Mtu anayeingia katika nyumba ya mwenzake kwa jina la Mungu lilikuwa jambo linalowagusa moja kwa moja.

Paroko mmoja wa Paris, Pierre Roullé, aliandika kijitabu akimwita Molière shetani aliyevaa mwili wa binadamu na akapendekeza achomwe moto. Molière alimwandikia mfalme kujitetea. Hoja yake ilikuwa kwamba kazi ya kichekesho ni kuwasahihisha watu huku kikiwafurahisha, na kwamba anayeshambuliwa ni mnafiki, si muumini.

Kwa wapinzani wake hoja hiyo haikutosha. Waliona kwamba mnafiki na mcha Mungu hutumia maneno yaleyale, hupiga magoti kwa namna ileile na huvaa nguo zilezile. Mtazamaji akishazoea kumcheka mmoja, nani atamzuia kumcheka mwingine?

Agosti 5, mwaka 1667, Molière alijaribu tena. Alibadili jina la tamthilia, akambadili jina mhusika mkuu na kulainisha baadhi ya sehemu. Ukumbi ulijaa. Kesho yake Guillaume de Lamoignon, kiongozi wa mahakama kuu ya Paris, aliifunga. Mfalme alikuwa mbali, katika vita vya Flanders.

Wasanii wawili, La Grange na La Thorillière, walitumwa hadi kambi ya jeshi karibu na mji wa Lille kupeleka barua ya Molière. Walirudi na ahadi tu kwamba suala hilo lingeangaliwa baadaye. Wakati huo Askofu Mkuu wa Paris alikwishatangaza kuwa atakayeiigiza, atakayeisoma au atakayeisikiliza tamthilia hiyo, hadharani au faraghani, atatengwa na Kanisa.

Ukumbi ulifungwa kwa wiki saba. Kwa kikundi kilichogawana mapato ya kila onyesho, siku bila watazamaji ilikuwa siku bila posho.

Februari 5, 1669

Mambo yalibadilika taratibu. Mama wa mfalme, Anne wa Austria, aliyekuwa tegemeo la wacha Mungu hao, alifariki dunia mwaka 1666, na migogoro ndani ya Kanisa la Ufaransa ilikuwa imepoa. Februari 5, mwaka 1669, Tartuffe ilifunguliwa ikiwa na sehemu tano. Watu walisukumana mlangoni. La Grange, aliyetunza daftari la mapato, aliandika livre 2,860, fedha nyingi mno kwa onyesho moja.

Waliopanda jukwaani walikuwa watu waliokula na kuhangaika pamoja kwa miaka mingi. Molière mwenyewe hakuchukua nafasi ya mnafiki. Aliigiza kama Orgon, mwenye nyumba anayedanganywa, kwa kuwa alifahamu kwamba kicheko kikubwa kinatokana na mtu anayekataa kuona.

Armande alikuwa Elmire, mke wa Orgon, na Madeleine alikuwa Dorine, mtumishi wa ndani mwenye ulimi mkali ambaye ndiye wa kwanza kumtambua tapeli. Louis Béjart, ndugu yao aliyekuwa akichechemea, alivaa gauni na kuwa mama mzazi wa Orgon. Hubert na Mlle de Brie walikuwa watoto wa mwenye nyumba. La Grange alikuwa mchumba wa binti, na La Thorillière akawa shemeji mwenye busara.

Nafasi ya Tartuffe ilikwenda kwa Du Croisy. Watazamaji walilazimika kumsubiri. Kwa sehemu mbili nzima wanafamilia wanagombana juu ya mgeni ambaye haonekani. Wanasimulia anavyokula, anavyolala na anavyokoroga nyumba. Anapoingia katika sehemu ya tatu, kila mtu ukumbini anamfahamu isipokuwa mwenye nyumba.

Onyesho linalokumbukwa zaidi ni lile ambalo Elmire anamficha mumewe chini ya meza, kisha anamwita Tartuffe. Mgeni anaanza kumtongoza, akieleza jinsi dhambi inayofanywa kimyakimya inavyoweza kupewa udhuru mbinguni. Elmire anakohoa kumpa mumewe ishara atoke. Orgon hatoki. Kila sekunde anayokaa chini ya kitambaa ni sekunde ambayo mkewe yu hatarini, na ukumbi unacheka huku umeshikilia roho mkononi.

Anapotoka hatimaye na kumfukuza mgeni, anaelezwa kwamba nyumba si yake tena, kwani hati alikwishatia saini. Familia inaokolewa na ofisa wa mfalme anayekuja kumkamata tapeli. Wapo wanaouona mwisho huo kuwa wa kujipendekeza. Lakini Molière alijua kwamba hata tamthilia yenyewe iliokolewa na mkono huohuo.

Mwezi huohuo wa ushindi, baba yake alifariki dunia. Mwaka mmoja kabla, Molière alikuwa amempatia mzee huyo mkopo kupitia kwa rafiki, bila kumjulisha kwamba fedha zinatoka kwa mwanawe mwigizaji.

Usiku wa mwisho

Katika Paris ya wakati huo, mwigizaji alitakiwa kuikana kazi yake ndipo apewe sakramenti na maziko ya Kikristo. Madeleine Béjart alifanya hivyo kabla ya kufariki dunia Februari 17, mwaka 1672, akazikwa kwa heshima.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, Molière alipanda jukwaani kwa onyesho la nne la tamthilia yake ya mwisho, inayomhusu mtu mzima wa afya anayejidhania mgonjwa. Yeye alikuwa mgonjwa kweli, kifua kikimsumbua. Alishikwa na mtukutiko akiwa jukwaani, akaufunika kwa kicheko na kumaliza onyesho.

Alibebwa hadi nyumbani kwake mtaa wa Richelieu, ambako alianza kutoka damu mdomoni. Mapadri wawili walioitwa walikataa kufika. Wa tatu alikuja akiwa amechelewa. Molière alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 51, bila kuikana kazi yake.

Kwa mujibu wa Grimarest, aliyeandika habari za maisha yake mwaka 1705, hakufa peke yake. Pembeni ya kitanda walikuwapo watawa wawili wa kike waliokuja Paris kuomba sadaka wakati wa Kwaresima, ambao alikuwa amewakaribisha kulala kwake. Mtu aliyetuhumiwa kuidhihaki dini kwa kisa cha mgeni alifia mikononi mwa wageni wa dini aliowafungulia mlango mwenyewe.

Parokia ilikataa kumzika. Armande alimwandikia Askofu Mkuu, kisha akaenda kwa mfalme. Ruhusa ilitolewa kwa masharti: usiku, mapadri wawili tu, bila ibada ya heshima. Februari 21, mwaka 1673, alizikwa katika makaburi ya Saint-Joseph, huku umati wa watu ukifuata kwa mienge.

Wenzake hawakutawanyika. Mwaka 1680, kwa amri ya mfalme, kikundi chao kiliunganishwa na mahasimu wao na kuzaa Comédie-Française, ambayo hadi leo huitwa nyumba ya Molière. La Grange alisimamia uchapishaji wa kazi zake mwaka 1682. Januari 15, mwaka 2022, nyumba hiyo ilipoadhimisha miaka 400 ya kuzaliwa kwake, ilifungua sherehe kwa Tartuffe ya sehemu tatu, iliyoundwa upya kwa kufuata ile iliyozuiwa mwaka 1664.

Kwa Kiswahili neno mnafiki halihitaji maelezo, na kila mtaa una simulizi ya mgeni aliyeingia na sala akatoka na hati ya kiwanja. Orgon hakuibiwa usingizini. Alifungua mlango mwenyewe, akatia saini mwenyewe, na aliwaona kuwa waovu wote waliomwonya, wakiwamo mkewe, wanawe na mtumishi wake. Molière aliiigiza nafasi hiyo mbele ya watu wenye nguvu ya kumnyima kaburi, na hakuiacha.